Udongo Ulioteremka kwa Maman Nabintu

Jiko letu la Cimpunda lilikuwa na harufu tatu ambazo mpaka leo siwezi kuzitenganisha: moshi wa kuni mbichi, mafuta ya mawese yaliyoungua kidogo, na nyasi zilizolowa mkojo wa kobayi. Kobayi ni wale wanyama wadogo wasio na mkia, ambao kwingine huitwa simbilisi. Walilala chini ya meza ya vyombo, karibu na mafiga, kwa sababu baridi ya Bukavu huwaua upesi. Idadi yao hakuna aliyeijua, maana hawakutulia. Asubuhi, mtu akigusa tu rundo la nyasi mlangoni, walipiga mluzi wote kwa pamoja, na sisi watoto tuliamka kwa sauti hiyo kabla ya kengele ya misa. Samadi yao ilikuwa punje ndogo, kavu, isiyonuka sana. Mama aliifagia kila siku na kuitia katika pipa lililotoboka nyuma ya jiko, pamoja na majivu na maganda ya viazi. Nilidhani ni usafi tu. Sikujua kwamba alikuwa anaweka akiba kwa bustani ambayo bado haikuwapo.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa Kamituga akichimba dhahabu, na habari zake zilitufikia mara mojamoja, kwa mdomo wa madereva. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi Riziki, na mdogo wangu Mugisho aliyekuwa na miaka mitatu. Mama alizaliwa Luvungi, katika bonde la Ruzizi, mahali ambapo ardhi ni tambarare hata ukiweka yai halikimbii. Baba alimleta Bukavu akamweka juu ya mteremko mkali, katika nyumba iliyosimama kama mbuzi anayekula majani ukingoni mwa bonde. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi kinachotosha nyumba nyingine moja, kinachoshuka moja kwa moja mpaka kwenye ua wa jirani wa chini. Siku za jua, ziwa lilionekana kule mbali kama bati jipya. Mama hakuipenda ardhi ile. Alisema inamfanya atembee huku akijishika.

Kiangazi kilipokuwa kinaelekea mwisho, Mugisho aliacha kucheza. Miguu yake ilivimba, nywele zikawa nyekundu na laini kama za mahindi machanga, na uso ukanenepa kwa namna isiyo ya afya. Kwetu tunaiita bwaki, na kila mtu anaijua akiiona. Hakulia sana. Alikaa kwenye kizingiti akitazama kobayi wakipita, na ukimpa kitu alikishika bila kukitia mdomoni. Nitasema ukweli, ingawa haunipendezi: nilimwonea haya. Wenzangu wa shule walipopita njiani, nilimfunika kwa kitenge nikawaambia amelala. Kumwambia mtu kwamba mtoto wenu ana bwaki ilikuwa ni kumwambia kwamba kwenu hamli, na sisi tulikuwa tunakula, ila tulikula bugali asubuhi na bugali jioni, na mboga ilikuwa kidogo kama chumvi.

Masera, yule mtawa wa kituo cha afya, alimpima, akampa maziwa ya unga, akamwambia mama mambo ambayo mama aliyarudia njia nzima ili asiyasahau. Mtoto ale majani ya kijani kila siku, pamoja na maharage, na sambaza, wale dagaa wa ziwani, zikipatikana. Majani yasiwe yale yanayolimwa kando ya mitaro ya maji machafu, wala yale yaliyopuliziwa dawa, maana tumbo lake limekuwa dhaifu. Akasema ni heri kulima wenyewe nyumbani, hata kama ni kipande cha ukubwa wa mkeka. Mama alipomweleza kwamba ardhi yetu imeinama, masera alijibu kwamba hata mtu aliyeinama huweza kubeba mzigo. Kuhusu Mugisho hakuficha kitu: kama kufikia Noeli miguu haijapungua, tumrudishe akalazwe, na tusingoje.

Basi jioni ile mama alichukua kaa jikoni akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya sebule, akaanza kuchora bustani. Sijawahi kuona mtu akichora kwa makini namna ile. Alichora mstatili mkubwa kutoka mlangoni mpaka chini ya dirisha, akaugawa kwa mistari mirefu iliyonyooka. Katika kila nafasi aliweka alama: mbegu za lengalenga, yaani mchicha wetu, mahali pa lengalenga, punje za maharage mahali pa maharage, ganda la kitunguu hapa, jani la matembele pale, na pembeni pilipili chache za kukausha, kwa sababu maji ya pilipili na majivu ndiyo yangekuwa dawa yetu ya wadudu. Maboga aliyapeleka kwenye kona, yatambae yanakotaka. Lengalenga aliziweka mbele, karibu na mlango, kwa kuwa ndizo za mtoto na ndizo zingewahi kuiva. Kwa siku tatu tulitembea sebuleni tukipita kando ya kuta, tusikanyage bustani. Ni Mugisho peke yake aliyeruhusiwa kukaa ndani yake. Mama alimkalisha katikati ya lengalenga, na mimi nikaona kwamba kwa mara ya kwanza tangu maradhi yaanze, alikuwa akiokota kitu mwenyewe: punje ya haragwe, akaigeuzageuza, akairudisha mahali pake.

Mvua za kwanza zilipolainisha ardhi, tukahamisha mchoro kutoka sakafuni kwenda nyuma ya nyumba. Mama alilima, mimi nikavunja mabonge, na samadi ya kobayi ikatoka pipani ikiwa nyeusi na yenye joto, tukaichanganya na udongo kwa mikono. Alichimba vijifereji kama vile baba yake alivyochimba Luvungi, vimenyooka kutoka juu mpaka chini, ili kila tuta lipate maji. Ilikuwa kazi nzuri kutazama. Jirani yetu wa chini, Maman Nabintu, mjane aliyetoka Walungu, kule milimani, alisimama kwenye ua wake mikono kiunoni akatazama juu muda mrefu. Yeye na mama hawakuwa wakigombana, lakini hawakuwa na mazoea pia. Waliamkiana kwa sababu ya misa ya Jumapili. Mwishowe alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika hata kwa majirani wengine: "Mama wa Luvungi, uko naonyesha mvula njia ya kuya kwangu?" Watu wakacheka. Mama aliniambia mimi, polepole, nisisikilize mwanamke asiyejua mfereji ni nini.

Wazee walisema maji hufuata mkondo, na sisi tulikuwa tumeyatengenezea mikondo minane iliyosafishwa vizuri. Wiki ya pili baada ya kupanda, wakati lengalenga zilikuwa zimeanza kutoboa kama vumbi jekundu juu ya matuta, mvua kubwa ilianguka mchana, ile ya Bukavu ambayo husikii sauti yako mwenyewe chini ya bati. Nilikuwa shuleni. Niliporudi nilimkuta mama amesimama mlango wa nyuma akiwa amelowa mpaka mifupa, amembeba Mugisho mgongoni. Mteremko ulikuwa umekwanguliwa. Udongo wetu mweusi, samadi ya mwaka mzima, mbegu, vyote vilikuwa vimeshuka kwa Maman Nabintu na kulala kwenye ua wake kama blanketi lililotupwa. Kwetu kulibaki udongo mwekundu mgumu na mawe. Mama aliingia ndani akafuta mabaki ya ile michoro ya makaa sakafuni kwa kitambaa chenye maji, na hapo ndipo nilipomwona akilia. Nilielewa baadaye sana kosa lilikuwa wapi. Sakafu ilikuwa tambarare kama Luvungi, na juu yake mchoro ulikuwa sawa kabisa. Mlima haukuulizwa.

Kwenye mteremko wetu kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: kinachoteremka ni cha wa chini. Wa chini ndiye anayepokea maji machafu, takataka na mawe ya majirani wote wa juu, bila kuombwa ruhusa, kwa hiyo ikitokea kitu chema kikamshukia, ni chake, na wa juu hana mdomo wa kukidai. Mama aliijua sheria hiyo. Alinikataza hata kutazama ua wa chini. Mbegu zilikuwa zimekwisha, pipa lilikuwa tupu, na Oktoba ilikuwa inayoyoma. Mugisho alikunywa maziwa ya masera lakini miguu yake ilibaki vilevile. Ukibonyeza kwa kidole, shimo lilikaa. Nilikuwa nikibonyeza kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na kila asubuhi nilimwambia mama kwamba leo shimo limerudi haraka kidogo. Haikuwa kweli.

Halafu lengalenga zikaota. Ziliota kwa Maman Nabintu, nene, zenye majani mapana, katika mistari iliyopindapinda ambamo maji yalikuwa yamezilaza. Niliziona kila siku nikienda kuteka maji. Zilikuwa zetu, nilijiambia, na nilijua si zetu. Alfajiri moja, Maman Nabintu alipokuwa amekwenda misa, niliruka ua wake nikang'oa mafungu mawili, nikayakung'uta udongo vizuri ili nisiache alama njiani, nikapanda mbio. Mama aliponiuliza yametoka wapi, nilisema nimeyakuta yameota nyuma ya choo. Alinitazama, akayatazama majani, akayapika. Alitia mawese na sambaza chache. Mugisho alikula. Alikula polepole, lakini alipomaliza alinyoosha sahani. Kwa hiyo nilikwenda tena siku ya pili, na ya nne.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa hatua thelathini za mteremko. Jumamosi iliyofuata, mama na mimi tukichambua maharage nje, tulimwona Maman Nabintu anapanda. Alikuja polepole, kilemba chake kimelegea, na kichwani alikuwa amebeba beseni kubwa la plastiki lililojaa. Alifika, akavuta pumzi, hakuamkia. Alisema: "Mama Riziki, mutoto wako alikuya kwangu kuchukua majani. Akasahau udongo." Akainama akamwaga beseni mbele ya miguu ya mama, udongo mweusi, na ndani yake nikaziona punje za samadi ya kobayi wetu ambazo hazijaoza.

Sikumbuki nilitazama wapi. Mama aliniita kwa jina langu lote, akaniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli, mara tatu. Alisimama akamwomba jirani msamaha, kwanza kwa ajili yangu, kisha kwa ajili ya lile neno la mfereji. Akaongeza, kwa uchovu, kwamba hata hivyo hakuna la kufanya, maji yakimwagika hayazoleki. Maman Nabintu alikuwa amekaa tayari juu ya jiwe letu la kufulia akijipepea kwa ncha ya kitenge. "Ile ni maji," akasema. "Udongo inazoleka." Kisha akaniamuru nilete sinia na kikombe cha maji. Aliniita mwizi wake, na jina hilo alinipa kwa miaka mingi, hata mbele ya mume wangu siku ya harusi.

Alitandaza udongo kwenye sinia, akaiinamisha juu ya goti lake. Kwa kidole akachora vijifereji kutoka juu mpaka chini, akamimina maji, na udongo wote ukamwagikia miguuni pake. Mama akageuza uso. Akaweka udongo mwingine, safari hii akachora mistari ya kukata, inayolala kutoka mkono mmoja mpaka mwingine, akainua vijikingo kwa dole gumba, akamimina tena. Maji yalisimama kwenye mstari wa kwanza, yakafikiri, yakashuka kidogo kwenye wa pili, yakaisha. Hakutoa maelezo mengine. Alisema tu kwamba kwao Walungu mtoto hupewa jembe baada ya kujua hilo, na kwamba huko bondeni bila shaka watu wana akili zao nyingine. Mama alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu baba aondoke.

Siku ile yote, na Jumamosi nyingine mbili, tulipandisha udongo. Bukavu Jumamosi asubuhi huwa ni salongo, kazi ya wote ya kusafisha njia na mitaro, na Maman Nabintu akasema hii nayo ni salongo, ila ya udongo. Walibeba wakubwa kwa mabeseni, mimi kwa sufuria. Kupima ngazi, yale matuta ya kukata mteremko, alitumia ganda la mgomba, lile lililopinda kama mtumbwi mdogo: alilijaza maji akalilaza ardhini, na maji yalipolingana ncha zote mbili, hapo tukapigilia kijiti. Ukingoni mwa kila ngazi tukapanda nyasi ndefu zenye mizizi ya kushika, na nyasi hizo ndizo tulizowakatia kobayi, na kobayi wakatupa samadi, na samadi ikarudi bustanini. Lengalenga nusu tulizipandikiza kwetu, nusu zikabaki kwake. Vitunguu vilikaa kati ya karoti ili kuwachanganya wadudu. Kabichi ilipopata viwavi, niliwaokota kwa mkono asubuhi, kwa adhabu, nikanyunyiza majivu. Hatukuwahi kununua dawa. Mama alichora upya bustani, lakini si sakafuni tena: alikuja na kipande cha ubao, akakiegemeza ukutani kikiwa kimeinama, akachora juu yake.

Kabla ya Noeli nilibonyeza mguu wa Mugisho, na shimo lilijaa kabla sijaondoa kidole vizuri. Nilibonyeza tena kuhakikisha, akanipiga teke. Teke lile mama alilisimulia kwa majirani wote kana kwamba mtoto amefaulu mtihani. Siwezi kuapa kwamba ni lengalenga zilizomponya. Huenda ni maziwa ya masera, huenda ni vyote, huenda ni Mungu aliyekuwa na haraka. Ninachojua ni kwamba alikuwa akikaa kwenye ngazi ya pili, karibu na maboga, akila majani mabichi kama kobayi, na nywele zake zikaota nyeusi kuanzia chini. Baba aliporudi kutoka Kamituga mwaka uliofuata, alisimama mlango wa nyuma, akamuuliza mama mlima huu mpya amepewa na nani.

Tangu wakati huo, kila mvua za masika zilipoisha, tuliweka siku moja ya salongo ya udongo. Hata ngazi nzuri huachilia kidogo, na kidogo hicho mama aliteremka kukichukua kwa Maman Nabintu, kisha wakakaa kunywa chai. Miaka mingine ulikuwa mabeseni matano, miaka mingine moja tu. Nadhani mwishoni walikuwa wanapandisha chai zaidi ya udongo.

Mama alituacha mvua za mwaka huu zilipokuwa katikati. Hakuumwa muda mrefu, na sitaandika mengi juu ya hilo. Nilirudi kukaa katika nyumba ile ya Cimpunda baada ya matanga, mimi na binti zangu. Bati ni jipya, na maji ya bomba hufika uani siku ambazo yanataka kufika. Majirani wengi siwajui. Kwenye mteremko zimejengwa nyumba juu ya nyumba, na udongo mwingi unaoshuka sasa unaingia kwenye mtaro wa saruji, unakwenda ziwani bila kupita kwa mtu yeyote. Mboga tunanunua soko la Kadutu, na muuzaji hajui zilipuliziwa nini, wala mimi simuulizi. Mugisho ni dereva wa pikipiki kwenye njia ya Walungu, ana mabega mapana, na lengalenga hali kabisa. Anasema alishamaliza fungu lake. Bustani ya mama niliiacha. Masika yaliisha, siku ya salongo ikapita, na mimi nilikuwa nakaa ndani na mlango wa nyuma umefungwa.

Wiki iliyopita niliusikia mlango huo ukigongwa. Maman Nabintu ni mzee sana sasa, anatembea kwa fimbo, na beseni haliwezi tena. Alikuwa amepanda mteremko ule wote na sufuria ndogo mkononi, ile ya kuchemshia maziwa ya mtoto, imejaa udongo mweusi na kufunikwa kwa jani la mgomba. Nilimshika mkono akaketi juu ya jiwe la kufulia.

"Mwizi wangu," akasema, "hii ni ya mama yako. Mwaka hii mulichelewa. Nikasema nianze."

Tulikaa mpaka pumzi yake ikarudi. Kisha nilikwenda kwenye ngazi ya kwanza, nikang'oa magugu kadiri ya mkeka mmoja, nikaumwaga udongo wake pale. Udongo wa sufuria moja ni kidogo, haukufunika hata kiganja cha ardhi. Nilipogeuka kumtazama alikuwa ananionyesha kwa fimbo mahali ambapo ukingo umebomoka. Nimeteremka kwake na beseni mara saba tangu siku hiyo. Jana jioni niliegemeza ubao ukutani, nikachukua kaa jikoni, na binti zangu wakaja kuuliza ninachora nini. Nikawaambia wakae, waniletee kwanza sinia na kikombe cha maji.